Standadi ya DDT mliyotuuzia haifanani na cheti chake

Meneja Mauzo,
Idara ya Vifaa vya Maabara,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU AMPULI SITA ZA STANDADI YA DDT

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo mlizijibu kwa simu, mkanishauri nimwite fundi wa mashine. Fundi alikuja, mashine ni nzima. Tatizo limo ndani ya ampuli zenu, vile vichupa vya kioo vilivyozibwa.

Mwezi Machi mlituuzia standadi, yaani kimiminika chenye kiasi kinachojulikana tunachokitumia kulinganishia sampuli, yenye mchanganyiko wa p,p'-DDT (umbo kuu la kiuatilifu DDT) na mabaki yake, p,p'-DDE na p,p'-DDD. Cheti kinasema kila kimoja kimo kwa mikrogramu 100 katika mililita moja ya isooktani, kiyeyushi chake. Siku ya kwanza kuitumia, kilele cha DDT kwenye mchoro wa mashine kilitoka kifupi kuliko cha standadi yetu ya zamani kwa karibu robo nzima. Cha DDE kilikuwa sawasawa, cha DDD kikazidi. Kwanza nilijilaumu mwenyewe, maana DDT huvunjika kwenye mlango wa mashine ukiwa mchafu, ikageuka DDE na DDD. Nikabadilisha mrija wa kioo, nikakata kichwa cha kolamu (mrija mrefu unaotenganisha kemikali ndani ya mashine), nikapima uvunjikaji kwa DDT ya mtengenezaji mwingine: haukufika asilimia 3. Nikafungua ampuli ya pili, kisha ya tatu. Hali ileile.

Jibu nililipata kwenye kolamu ya aina nyingine. Katika kolamu tunayotumia kila siku, o,p'-DDT, umbo jingine la DDT, hutoka karibu kabisa na p,p'-DDD, hivyo vilele viwili vilionekana kimoja. Kolamu ya pili ikavitenganisha, na hapo ikajitokeza o,p'-DDT ambayo cheti chenu hakiitaji popote. Uwiano wake na p,p'-DDT unakaribiana na ule wa DDT ya kiwandani, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kupulizia: takribani asilimia 77 ya p,p' na 15 ya o,p'. Ninavyoona mimi, mtengenezaji alipima kwenye mizani DDT isiyosafishwa, akaihesabu kana kwamba yote ni p,p'. Kumbukumbu za malighafi anazo yeye, azitoe.

Cheti nacho hakisaidii. Namba ya bechi iliyoandikwa humo inatofautiana na ya kwenye ampuli kwa herufi mbili za mwisho. Kimetaja ISO 17034, kanuni ya kimataifa kwa watengenezaji wa standadi kama hizi, lakini hakielezi usafi wa malighafi wala kiwango cha shaka cha ile 100, yaani inaweza kukosea kwa kiasi gani. Namba isiyo na kiwango cha shaka siwezi kuijengea kitu.

Afisa wenu aliniambia kwamba sumu ni sumu, hata namba ikizidi kidogo. Kauli hiyo imeniuma. Sampuli zetu ni udongo wa mashamba ya mihogo kuzunguka Vikuge, Kibaha, ambako shehena ya viuatilifu iliyoletwa kutoka Ugiriki miaka ya 1980 iliachwa mpaka ikaingia ardhini. Watafiti waliopima pale baada ya eneo kusafishwa walikuta udongo wenye DDT kufikia asilimia 28. Wenye mashamba hawatuulizi tu kama sumu ipo. Wanauliza kama ni ile ya zamani au kuna mtu anaendelea kuitumia, na sisi tunajibu kwa kulinganisha DDT na mabaki yake, DDE na DDD, ambayo huongezeka sumu inavyozeeka. Kwa standadi yenu, DDT inasomeka juu kwa karibu asilimia 30, huku DDD ikisomeka chini. Sumu kuukuu inaonekana mpya. Mkulima ambaye hajawahi kushika DDT angeweza kushukiwa kwamba anapuliza kinyume cha sheria, na karatasi ya kumshuku ingekuwa na sahihi yangu. Ripoti hiyo ilibaki siku mbili itoke.

Bahati nzuri vimiminika tulivyovitoa kwenye udongo bado vipo kwenye friji, tutavipima upya. Wiki tatu za kazi hazirudi.

Naomba mturudishie fedha za ampuli zote sita au mtuletee za bechi nyingine, zikiwa na cheti chenye namba yake halisi, usafi wa malighafi, kiwango cha shaka, na matokeo ya ukaguzi wa o,p'-DDT. Naomba pia mtengenezaji atueleze kwa maandishi kilichotokea. La tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: waandikieni wateja wote walionunua bechi hii. Maabara yenye kolamu moja, isiyo na standadi ya pili ya kulinganisha, haitaona kosa hili. Mstari wake wa vipimo, unaochorwa kwa standadi hii, utanyooka vizuri kabisa na namba zote zitakuwa si sahihi.

Nimeambatisha kromatogramu (michoro ya mashine) za kolamu zote mbili na picha za ampuli. Tatu ambazo hazijafunguliwa nimezitenga kwenye friji, mje mzichukue wenyewe. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka vielelezo hivi kwa taasisi iliyompa mtengenezaji ithibati.

Wako katika kazi,

Mkemia Mwandamizi,
Kitengo cha Mabaki ya Viuatilifu.

Nakala: Mkuu wa Maabara, Afisa Ununuzi.