Daftari la mgonjwa wa presha liandikwe sababu, si jina la dawa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala ya ukurasa wa afya iliyowasihi wasomaji wasikatishe dawa za presha. Wito huo ni wa haki na nauunga mkono. Lakini makala ilimtwisha mgonjwa lawama zote, kana kwamba kila anayeacha dawa ni mkaidi. Nimekuwa muuguzi katika kliniki za presha na kisukari mkoani Tanga hadi nilipostaafu, na hata sasa majirani hapa Muheza huja nyumbani kupimwa. Wengi wa walioacha dawa, ukikaa nao ukawauliza kwa upole, wana sababu. Dawa iliwakataa, wakanyamaza, au walisema na hakuna aliyeandika.

Nitaje mmoja. Mzee mvuvi wa pande za Pangani alianzishiwa enalapril (majina ya dawa nayaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi, ili msomaji aweze kulinganisha na zake). Presha ikashuka vizuri. Wiki kadhaa baadaye akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisicho na makohozi wala homa, kinachomsumbua zaidi usiku. Akapewa dawa ya kifua, haikusaidia. Akapewa antibayotiki. Akapimwa kifua kikuu, hakuna. Mkewe alihamia chumba cha wajukuu ili apate usingizi.

Kumbe ni ile dawa. Enalapril na wenzake, captopril na lisinopril, hushusha presha kwa kuzuia kimeng'enya fulani mwilini, na kimeng'enya hichohicho ndicho huvunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hurundikana na kukera njia ya hewa. Si kila mtu hupata kikohozi hicho, ila anayekipata hatakipona kwa dawa ya kifua. Anahitaji kubadilishiwa dawa ya presha yenyewe, mara nyingi apewe losartan, ambayo hufanya kazi inayofanana bila kugusa kimeng'enya hicho. Mzee alibadilishiwa, akalala.

Miezi ikapita, losartan ikakosekana kituoni. Tabibu mwingine, kijana mwenye bidii na foleni ndefu mlangoni, akafungua kurasa za nyuma za daftari akaona enalapril na vipimo vizuri pembeni yake. Akamrudishia. Hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu daftari liliandika jina la dawa, likaandika dozi, halikuandika kwa nini iliachwa. Kikohozi kikarudi, na safari hii mzee akavitupa vidonge vyote bila kumwambia mtu. Alipokuja kwangu presha yake ilikuwa 198 kwa 112.

Huyo ni wa kikohozi. Wapo ambao dawa za kundi hilohilo huwavimbisha midomo, ulimi, hata koo, na uvimbe wa koo unaweza kuua. Madhara hayo si ya kawaida, lakini huwapata watu weusi zaidi kuliko wazungu. Mtu aliyewahi kuvimba namna hiyo hapaswi kurudishiwa enalapril maisha yake yote. Je, hilo limeandikwa wapi ili tabibu wa Korogwe alijue mgonjwa anapokwenda kumsalimia mwanawe?

Kila dawa ya presha ina mtu wake na ina ambaye si wake. Dereva wa basi la Tanga–Dar akipewa hydrochlorothiazide, dawa inayotoa maji na chumvi kwa mkojo, halafu ameze alfajiri kabla ya kushika usukani, ataimeza siku mbili ataiweka. Mwenye jongo inaweza kumwamshia maumivu ya kidole gumba cha mguu. Mwenye pumu akipewa propranolol, dawa nyingine ya presha, anaweza kubanwa kifua vibaya. Binti anayetarajia kushika mimba asiachwe kwenye enalapril wala losartan, kwa sababu zote mbili huumiza figo za mtoto tumboni. Kwake zipo methyldopa, labetalol na nifedipine inayofanya kazi polepole. Mwenye kisukari ambaye mkojo wake umeanza kutoa protini, naye anahitaji enalapril au losartan kwa ajili ya kulinda figo, hata kama jirani yake ameambiwa aziache.

Amlodipine ni dawa nzuri sana kwetu, lakini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Akina mama huniambia, "Sista, figo zangu zimekufa." Mara nyingi si figo. Dawa imetanua mishipa midogo na maji yamevuja kwenda miguuni. Apimwe kweli kuhakikisha, kisha daktari anaweza kupunguza dozi, au kuongeza losartan, ambayo mara nyingi hupunguza uvimbe huo. Kumpa dawa ya kukojoa kwa sababu ya uvimbe huo pekee hakusaidii sana.

Najua wapo watakaosema sayansi imeshamaliza suala hili, Mwafrika apewe amlodipine, basi. Utafiti wanaoutegemea ni wa kweli. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Kila mmoja alipewa dawa mbili pamoja. Waliopata amlodipine, iwe na hydrochlorothiazide au na perindopril ambayo ni ya ukoo wa enalapril, presha zao zilishuka zaidi kuliko waliopata perindopril na hydrochlorothiazide. Kwa hiyo kuanza na amlodipine ni busara. Lakini soma tena: perindopril ikiambatana na amlodipine ilifanya kazi vizuri sawasawa na mchanganyiko wa amlodipine na hydrochlorothiazide. Wanaosema dawa za ukoo huo hazifai kwa Mwafrika wanasema kuliko utafiti ulivyosema.

Na wastani wa kundi hauwi mtu. Mwaka 2023 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walichapisha kazi ninayotamani kila tabibu wetu aisome. Watu 280 wenye presha walijaribishwa dawa nne kwa zamu, moja moja, na baadhi zikarudiwa: lisinopril, candesartan (ya ukoo wa losartan), hydrochlorothiazide na amlodipine. Ilionekana kwamba dawa inayomshusha mtu vizuri zaidi hutofautiana kati ya mtu na mtu, na wakakadiria kwamba kumpa kila mmoja ile inayomfaa kungeshusha namba ya juu kwa pointi 4.4 zaidi, kwa wastani. Wale ni Waswidi, na walipewa dawa moja kwa wakati. Lakini jambo lenyewe tumeliona kliniki zetu miaka yote, bila kuwa na mahali pa kuliandika.

Sidai mashine mpya wala vipimo vya vinasaba. Ninachoomba Wizara ya Afya na waganga wakuu wa wilaya ni ukurasa mmoja, wa kwanza, katika daftari la kila mgonjwa wa presha. Uandikwe dawa, dozi, tarehe ya kuanza, presha kabla na baada, matokeo ya vipimo vya damu vya kreatinini (huonyesha hali ya figo) na potasiamu (chumvi mojawapo ya damu) yanapokuwepo, nini kilimpata mgonjwa, na kwa nini dawa iliachwa. "Kikohozi." "Midomo ilivimba, isirudiwe kamwe." "Haikuwepo stoo." Hilo la mwisho ni muhimu kama mengine, maana dawa iliyoachwa kwa kukosekana inaweza kurudiwa, na iliyoachwa kwa kumdhuru mtu hairudiwi. Kompyuta zimefika hospitali nyingi, lakini mgonjwa huhama na daftari lake. Hahami na kompyuta.

Kabla ya kuandika kwamba dawa imeshindwa, mgonjwa aulizwe kama anaimeza, na kama anatumia vidonge vya maumivu vya diclofenac kwa ajili ya magoti. Wazee wetu wengi huzimeza kila siku. Hupandisha presha, na zikikutana na enalapril pamoja na dawa ya kukojoa huumiza figo. Na mkanda wa kupimia ulingane na mkono. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo husomeka presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu akaongezewa dawa asiyoihitaji.

Kwa wagonjwa wenzangu, maana mimi pia nameza amlodipine kila jioni: msikopeshane vidonge, na msiache dawa kimyakimya. Mkienda kliniki bebeni maboksi yote, hata ya zile mlizoziacha, na mseme ni ipi iliwakataa na iliwafanya nini. Msisitize iandikwe mbele yenu.

Nawe Mhariri, ningefurahi kama ukurasa wako wa afya ungechapisha jedwali hilo likiwa tupu, msomaji alikate na kulibandika kwenye daftari lake wakati tukisubiri wizara. Niko tayari kusaidia kuliandaa.

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga