Choki niliyoitupa mwenyewe: barua kwa mwanangu aliyeko Makete

Mwanangu,

Marahaba. Ile sauti uliyonitumia saa kumi na mbili asubuhi, kiki ishirini na kitu, halafu kimya, halafu wanafunzi wako wanacheka, nimeisikiliza mara tatu. Mama yako akasema pikipiki imekufa. Haijafa. Mwenye kosa ni mimi, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningejitetea.

Unakumbuka nilivyoitumia Kigamboni kabla ya kukupa. Chumvi ya bahari ikala waya wa choki, ile ya kusaidia injini kuwaka kwenye baridi, mpaka ukakatika. Fundi akaniuliza, "Mzee, tufunge mwingine?" Nikamwambia achana nao, Dar choki ni pambo. Na kweli ni pambo. Hata kipupwe cha Julai, watu wakipanda daladala na masweta, pikipiki yenyewe haina habari, kiki moja inaitika. Fundi akang'oa na kile kidude cha kuvutia kwenye usukani. Basi nikakukabidhi chombo hicho uende nacho Makete, kwenye baridi ya sakitu.

Kinachokusumbua ni hiki. Petroli ikiwa majimaji haiwaki, unaowaka ni mvuke wake. Kwenye baridi mvuke unatoka kidogo, mengine yanabaki matone njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Choki kazi yake ni kufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi kuliko kawaida, ili huo mvuke haba utoshe kushika moto. Wewe huna choki, kwa hiyo asubuhi unapiga kiki kwenye hewa.

Nakutumia waya mpya; mpaka mzigo ufike, fanya hivi. Fungua koki ya mafuta. Swichi ikiwa imezimwa, piga kiki tatu za polepole, injini ilegee. Halafu mwite mmoja wa hao wanaocheka azibe nusu ya mdomo wa eakilina, ile ya kuchuja hewa ya injini, kwa kiganja. Kiganja, siyo kitambaa. Kitambaa kikinyonywa ndani utaniandikia barua nyingine. Washa swichi, usiguse mafuta kabisa, piga kiki moja ya nguvu mpaka chini. Ikishika, aachie kidogo kidogo. Ikigoma mara tano sita na unasikia harufu ya petroli, imekunywa kupita kiasi: acha kuziba, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki hivyo hivyo. Stata usiiguse asubuhi. Baridi inadhoofisha betri, na hiyo yako si ya juzi.

Kuna jambo la pili ambalo baridi inasingiziwa tu. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ilipimwa hapa pwani, hewa ikiwa nzito. Huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ikishapata moto inapewa petroli kuliko hewa iliyopo. Utasema baba anajipinga, mara petroli haitoshi, mara imezidi. Yote ni kweli. Wakati wa kuwasha haitoshi, ukiwa barabarani inazidi, na hiyo ya kuzidi inaacha masizi kwenye plagi. Kesho yake asubuhi plagi chafu ndiyo unayotaka ikuwashie kwenye baridi. Ifungue uitazame. Ncha ikiwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni, isugue kwa brashi ya waya, kisha mpelekee fundi wa hukohuko arekebishe kabureta. Usimpelekee fundi aliyekwenda kutembea kutoka Dar. Tumeshaona tunavyofanya kazi.

Oili niliyokuwekea ni 20W-50, huku ndiyo tunayotumia wote. Kwenye baridi inakuwa nzito kama asali, ndiyo maana kiki inakuwa ngumu mguuni. Ukibadilisha, uliza 10W-40, ambayo kwenye baridi ni nyepesi kuliko hiyo, na iwe ya pikipiki, maana klachi yako inaogelea humohumo kwenye oili ya injini; ya gari inaweza kuifanya iteleze. Petroli ya chupa barabarani iepuke ukiweza. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mazito kutoa mvuke, hata choki haikusaidii.

Siku ukichelewa sana, huko kwenu mteremko haukosekani. Gia ya pili, bana klachi, ikishachanganya mwendo achia. Lakini hili nalisema kwa ukali: umeniambia usiku unailaza ndani kwa kuogopa wezi. Ilaze, ila usiiwashie humo hata dakika moja, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Itoe nje kwanza, hata kama kuna ukungu.

Jana nilikwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani nikapata waya wa choki na kidude chake, vipya. Nimeupakia mzigo stendi ya Magufuli leo asubuhi. Mama yako kajaza dagaa na sweta mbili, hataki kusikia kwamba huko sweta zinauzwa. Waya nimeukunja ndani ya soksi nyekundu, chini ya dagaa. Utanukia, ufute kwanza.

Baba yako