Kwa nini mti mkubwa hatuung'oi siku hiyo hiyo uliyotuita

Wiki iliyopita mteja alitwambia usoni kwamba tunamla pesa. Alitaka mti wake wa kivuli uhame mita hamsini tu ndani ya kiwanja hicho hicho, nasi tukamjibu kwamba kazi inaanza sasa ila mti utahama baada ya miezi sita. "Mwenye mashine ya kijiko anaung'oa kwa saa moja!" Ataung'oa, sikatai. Kuufanya uishi huko unakokwenda ndiyo kazi yetu.

Mizizi inayonyonya maji si ile minene unayoikwaa. Ni vijizizi vyembamba kama uzi, vingi viko juujuu tu, na hutambaa hata kupita kivuli cha matawi. Ukichimba, sehemu kubwa sana ya vijizizi hivyo unaiacha ardhini. Ndiyo maana tunatangulia kuchimba mtaro kulizunguka shina, nusu duara kwanza, nusu nyingine baadaye, na mizizi minene tunaikata kwa msumeno mkali. Meno ya kijiko huichana, na mzizi uliochanika huoza. Tukirudishia udongo na kumwagilia, pale palipokatwa huchipua mashungi ya mizizi mipya ndani ya bonge la udongo na mizizi tutakalobeba.

Na bonge hilo ndilo linaloleta ugomvi wa bei. Upana wake unatakiwa uwe mara 10 hadi 12 ya unene wa shina, kwa hiyo shina la sentimita 20 linadai bonge la mita 2 au zaidi. Pamoja na udongo wake hizo ni tani kadhaa: lazima kreni, magunia, kamba na watu wanaojua kufunga. "Basi punguzeni bonge," wateja husema. Mara moja tulikubali, mti ukakauka, na lawama tukabeba sisi. Hatukubali tena.

Kuna bwana aliyetuita baada ya fundi mwingine kumaliza. Mti ulinyanyuliwa kwa mnyororo uliofungwa shinani. Nilipoligusa gome pale mnyororo ulipopita, liliteleza mkononi kama ganda la ndizi, na chini yake mti mweupe, umelowa, mzunguko mzima. "Lakini majani bado mabichi," akasema. Yalikuwa mabichi kweli, kwa sababu maji huendelea kupanda kupitia mti wa ndani. Chakula kutoka kwenye majani ndicho hushuka kupitia gome, na gome likikatika pande zote, mizizi inakufa njaa taratibu. Alilipa kuuhamisha, akalipa kuukata, kisha akalipa kung'oa kisiki. Sisi hunyanyua kwa kushika bonge, shina halibebi uzito.

Shimo jipya liwe pana mara mbili ya bonge, lakini kina kisizidi. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi pabaki wazi, hata kama jirani anakushauri ufukie ili mti usimame imara.

Baada ya hapo kazi kubwa ni yako. Maji yamwagwe juu ya bonge lenyewe, kwa sababu udongo wa pembeni unaweza kulowa huku bonge limekauka. Kwa shina nene ni uangalizi wa miaka, si wiki. Kama hakuna wa kumwagilia, tuambie kabla hatujachimba. Tutakushauri upande mche mdogo, ambao hushika haraka, na kazi hii tutaiacha.