Kassim akija na betri, mfukuze

Bombo, Alhamisi usiku

Swaleh ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Mama watoto hajambo? Huku sote wazima, mvua tu ndiyo imetuzidi. Simu yako haipatikani tangu Jumatatu, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi la Arua alfajiri.

Kassim anakuja kwako Jumamosi, na betri ya pikipiki kwenye begi. Atakuomba umwekee waya mguuni. Usithubutu!

Kosa ni langu. Ule ufito wa chuma aliotiwa mfupani baada ya ajali ya boda, kidonda chake kilifunga, kikafumuka, sasa kinatoa usaha tena. Jioni moja nikitaka kumtia moyo nikamsimulia niliyoyasoma: huko Buffalo, Marekani, mwaka 2015, watafiti walipitisha umeme kwenye titani iliyopandikizwa ndani ya panya, volti 1.8 upande wa hasi, saa moja tu, na bakteria sugu wakapungua sana. Mimi nilisema panya. Yeye akasikia Kassim.

Na jambo lenyewe lina akili, sikatai. Bakteria wakishika chuma hujifunika utando, kama ule utelezi wa ndani ya jerikeni: unasuuza, unasuuza, hautoki. Vidonge haviwamalizi humo. Umeme wa upande wa hasi huvunja maji pale pale juu ya chuma, viputo vya hidrojeni vinatoka, alkali inapanda, utando unalegea. Wewe fundi haya unayajua kuliko mimi muuguzi. Ila unajua pia kwamba akiunganisha chanya, chuma ndicho kitakacholiwa, tena ndani ya mfupa. Na ni Kassim huyu huyu aliyegeuza betri akaunguza redio ya mzee Rajabu!

Watafiti wengine, wa hospitali ya Mayo huko huko Marekani, walitumia umeme mdogo mno, mikroampea 200, kwa sungura, siku 21 mfululizo. Kitaa cha chaja kinakula zaidi ya hapo. Yeye ana volti 12 na waya wa kengele. Nikimweleza ananiambia nimeogopa kupoteza kazi.

Anachohitaji ni daktari wa mifupa amfungue, aoshe, akwangue mfupa uliokufa, sampuli iende maabara ijulikane dawa gani inafaa, kisha anywe dawa hiyo wiki kadhaa. Pengine ufito wenyewe utolewe. Mara ya kwanza aliacha vidonge siku ya nne, eti maumivu yamepoa. Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Sasa anaogopa kisu, na anaogopa bili zaidi ya kisu, ingawa hilo hasemi. Mimi nina laki mbili za kuanzia. Mama yake anasema atauza mbuzi, lakini yule mbuzi... basi, utaniuliza tukionana.

Wewe anakusikiliza. Je, unaweza kumficha hiyo betri, useme umeiazima? Homa akiwa nayo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu, utampeleka hospitali usiku huo huo bila kungoja kuniuliza? Kuna daktari wa mifupa huko siku hizi, au umrudishe huku? Na ile pesa ya Musa, ilirudi? Na kwa nini simu yako imezimwa, mwenzangu, umeiuza?

Zaituni