Mshenga wangu ameniuzia saini za kughushi, nami nimeziuza kwa wengine

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Uyole, Mbeya. Nina miaka 43, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni fundi umeme. Tangu shule ya msingi nakusanya magazeti ya zamani ya katuni. Nilianza na nakala za Sani alizotuletea mjomba kila alipotoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA. Tulizisoma ndugu watano kwa zamu mpaka kurasa zikalegea kwenye pini. Wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Pimbi, walinifundisha kusoma kuliko kitabu chochote cha darasani. Leo nina nakala mia mbili na kitu, ndani ya masanduku ya bati, juu ya kabati. Unyevu wa huku unaua karatasi; aliyewahi kuhifadhi magazeti Tukuyu anaujua ukungu ninaousema. Ninalo pia daftari lenye vipande vya gazeti la Uhuru, katuni za Chakubanga za mchoraji Christian Gregory, vilivyobandikwa kimoja kimoja na mtu nisiyemjua. Hilo siliuzi hata kwa nini.

Mwaka juzi mshenga wangu, yule mzee aliyenipeleka kwa wakwe mwaka 2011, aliniambia amepata sanduku la marehemu jamaa yake aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam. Ndani yake mna magazeti yaliyosainiwa na mchoraji mwenyewe. Mchoraji sitamtaja, maana hana kosa na familia yake ipo. Gazeti la kawaida la umri ule nalipata Mwanjelwa kwa shilingi 2,000 au 3,000, likiwa zima. Mzee aliniuzia matano yenye saini, 30,000 kila moja. Sikuomba apunguze. Utabishanaje bei na mshenga wako?

Mawili niliyauza. Moja lilikwenda kwa mwalimu wa Iringa kwa 50,000. Jingine alilichukua dada mmoja wa Njombe, kwa bei hiyo hiyo, akamzawadie baba yake siku ya kuagwa kazini. Wote wawili waliniuliza, kaka, una uhakika? Nikawajibu kwamba yametoka kwa mtu ninayemwamini kama baba yangu mzazi.

Mwezi Juni usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa nafuta vumbi yale matatu yaliyobaki. Tochi ilikuwa imelala mezani, mwanga unapita juu ya karatasi kwa ubavu. Jalada la mojawapo lina mkunjo wa miaka mingi katikati, rangi imemeguka pale na nyuzi za karatasi zinaonekana. Mkia wa saini unapita juu ya mkunjo huo, na pale pale wino umezama ndani ya ufa na kusambaa, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Saini ingetangulia, wino nao ungemeguka pamoja na rangi. Maana yake gazeti lilikunjwa, likachakaa, ndipo likasainiwa. Lakini chini ya saini imeandikwa 18/7/81, na gazeti lenyewe ni la mwaka huo huo.

Usingizi uliniishia. Nikachukua lenzi ninayokagulia saketi. Peni ya kawaida ya miaka ile ina wino wa mafuta; inachimba mfereji ambao ukipapasa nyuma ya karatasi unauhisi, na mstari wake una michirizi. Huu ulikuwa mweusi uliojaa sawasawa, laini, bila mfereji. Ni wino wa jeli, na peni za jeli zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1984. Nikaweka nailoni ng'avu juu ya saini ya kwanza, nikaifuatisha kwa maka, kisha nikaihamishia juu ya ya pili na ya tatu. Zikalaliana kama muhuri. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Wewe mwenyewe saini mara tatu leo uone. Tena mstari ulikuwa na mtetemo, na ncha zake zilikuwa butu mwanzo na mwisho. Mtu anayesaini jina lake huingia mbio na kutoka mbio, ncha zinachongoka. Anayeiga huenda polepole, anachungulia, anasimama.

Wamarekani, ambao toleo la kwanza la gazeti lao la katuni, Action Comics, liliuzwa senti 10 mwaka 1938 na leo nakala nzuri inafika mamilioni ya dola, wana kampuni kama CGC inayoweka shahidi wakati mchoraji anasaini, kisha gazeti linafungiwa ndani ya kasha la plastiki. Mimi shahidi wangu lilikuwa neno la mzee.

Lililonimaliza ni ile nane ya tarehe. Ni viduara viwili vilivyobebana, cha chini kikubwa, na havigusani. Niliwahi kuiona mahali. Nikaenda kwenye Biblia ya mke wangu, anamotunza karatasi ya mahari ambayo mshenga aliandika kwa mkono wake ukweni akatuletea. Blanketi 8. Viduara viwili, havigusani. Najua nane peke yake haimfungi mtu, na natamani mno niwe nimekosea. Lakini nimeziangalia hizo nane kwa siku nyingi sasa.

Mke wangu anasema nirudishe hela za watu kimya kimya, nisimguse mzee, kwa sababu mshenga akiaibika hata ndoa aliyoisimamia itasemwa. Namwelewa. Mwaka 2016 tulipogombana mpaka akarudi kwao, mzee huyu alitoka Igawilo usiku kwa miguu, mvua inanyesha, akakaa nami mpaka alfajiri. Hakunilaumu hata neno moja. Asubuhi akaenda ukweni, jioni akarudi naye. Mtoto wetu wa tatu amezaliwa baada ya hapo. Najua pia kwamba tangu mkewe aanze kuumwa miguu, kahawa yao haichumwi kwa wakati, na mjukuu yuko chuoni. Angeniomba ile 150,000 ningempa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kuhusu mwalimu sina wasiwasi sana, nitamrudishia fedha yake na tutaendelea kuheshimiana. Dada wa Njombe ndiye anayeninyima raha. Alinitumia picha: baba yake amevaa suti, ameshika gazeti kifuani, analia kwa furaha kwa sababu katuni hizo alizisoma akiwa kijana. Nikisema ukweli namnyang'anya mzee wa watu zawadi. Nikinyamaza, siku moja wajukuu wake watalipeleka kwa mtu mwenye lenzi, na jina langu ndilo litakalotajwa. Na mimi mwenyewe nimeshajua. Siwezi tena kumjibu mtu "nina uhakika" huku naficha hili.

Naomba unisaidie mambo haya. Huyu dada nimwambie yeye peke yake, aamue mwenyewe kama baba yake ajue? Mshenga nimwendee mimi ana kwa ana, na magazeti mkononi, au nimtume mtu mzima wa rika lake? Kwa desturi zetu kijana hamkalishi mshenga wake kitako akamuuliza kama mwizi. Lakini nikimtuma mtu, siri tayari imekuwa ya watatu. Na haya matatu niliyonayo niyafanye nini? Saini ni za uongo, magazeti yenyewe ni ya kweli na ni mazuri, roho inakataa kuyachoma. Nimefikiria kuandika kwa penseli nyuma ya kila jalada kwamba saini si halisi, ili yasimdanganye mtu mwingine nikishaondoka.

Jana jioni mzee amenipigia simu. Mpaka leo huniita bwana harusi. "Bwana harusi wangu, nimepata mengine mawili, nimekuwekea wewe kwanza." Nimemjibu nitapita Jumapili baada ya ibada. Tafadhali nijibu kabla ya siku hiyo.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya