Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama chetu cha Mazingira, Lushoto Mjini

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwasilisha mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka 2024. Kazi za kawaida mnazifahamu, hivyo nitazipitia kwa haraka. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulifanyika sokoni, stendi na kwenye mifereji ya barabara iendayo Magamba, isipokuwa katika miezi miwili ya masika. Bustani ya katikati ya mji imepaliliwa na kuwekewa uzio wa michongoma. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulipanda miti pamoja na wanafunzi. Mapipa sita ya taka yaliwekwa sokoni, na mawili yaliibwa kabla ya mwezi kwisha. Kitalu kilitoa miche 4,300 ya mgrivea, mringaringa, mkuyu na miti ya matunda, ambayo sehemu kubwa iligawiwa bure na 700 iliuzwa. Mapato yote yalikuwa Sh 3,640,000, matumizi Sh 3,215,000 na salio ni Sh 425,000. Mchanganuo wake upo kwa Mweka Hazina na kila mwanachama anaruhusiwa kuuona.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naamini ndilo lililowaleta wengi wenu leo, nalo ni kukatwa kwa mikaratusi iliyoizunguka chemchemi ya bondeni. Yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba chama cha kupanda miti kimegeuka kuwa chama cha kukata miti, kwamba Mwenyekiti aliamua peke yake, na kwamba fedha za mirunda, yaani nguzo zilizouzwa kutokana na miti hiyo, ziliingia mifukoni mwa watu. Maneno hayo yameniumiza, lakini nitayajibu kwa hoja.

Hakuna anayebisha kwamba mikaratusi ile ilikuwa mizuri kuitazama, na naelewa uchungu wa wazee wetu walioipanda kwa mikono yao wakiwa vijana. Ila mkaratusi ni mti wa kigeni uliokuja kwenye milima hii tangu enzi za Wajerumani, na sifa yake ya kukua haraka ndiyo inayoufanya unywe maji mengi. Unapopandwa kwenye shamba la kuni au la nguzo hauna ubaya wowote, na mimi mwenyewe ninayo shambani kwangu. Unapopandwa juu ya jicho la chemchemi, unashindana na watu. Majani yake huchelewa kuoza, na chini yake hapakuwa na jani bichi, ila tabaka kavu la magome na majani ambalo mvua ikinyesha lilisombwa lote hadi kwenye bwawa la kuchotea. Kina mama wanaoishi bondeni wanajua hali ilivyokuwa kila Septemba, ambapo mtu alilazimika kuchuchumaa na kikombe, kuchota kidogo kidogo hadi ndoo ijae, huku foleni ya madumu ikipanda mpaka njia panda.

Mwanachama mmoja alisimama kikaoni na kusoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ile inayolinda eneo la mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, akitaka kuonyesha kwamba tulivunja sheria. Ninamheshimu kwa kuisoma, lakini shabaha ya kifungu hicho ni kuzuia shughuli zinazohatarisha hifadhi ya eneo la maji, na kilichokuwa kikilihatarisha eneo letu ni mikaratusi yenyewe. Isitoshe, hakuna msumeno uliogusa mti kabla ya kibali cha maandishi kutoka. Kibali hicho nilikifuatilia mwenyewe kwa miezi kadhaa, kwa nauli yangu, na sijakidai chama hata senti moja.

Kuhusu madai kwamba niliamua peke yangu, muhtasari wa kikao cha Kamati Tendaji unaonyesha wajumbe saba kati ya tisa walihudhuria na sita waliunga mkono. Ni kweli suala hili halikupitishwa na Mkutano Mkuu, lakini Mkutano Mkuu uliitishwa mara mbili kwa ajili yake na mara zote mbili akidi haikutimia. Mara ya pili tulikuwa watu 19 ukumbini. Baadhi ya wanaolalamika leo kwamba hawakushirikishwa walipata barua zote mbili, na saini zao za kupokea zipo kwenye daftari. Kibali kilikuwa na muda wa ukomo, masika yalikuwa yanakaribia, na miche ya mikuyu ilikuwa imeshafikia kimo cha kupandwa. Kamati iliona kusubiri mwaka mwingine ni kuwaonea watu wa bondeni, na msimamo wangu haujabadilika.

Mirunda 186 pamoja na kuni iliingiza Sh 1,120,000. Fedha hizo zililipa wakataji, uzio wa kuzuia mifugo na kazi ya visiki, ambayo wengi hawaijui ugumu wake. Mkaratusi ukikatwa haufi. Baada ya wiki chache kisiki huzungukwa na machipukizi mengi yanayonukia kama dawa ya mafua, na ukiyaacha utakuwa na mashina matano pale palipokuwa na moja. Ilibidi magome ya kila kisiki yabanduliwe kwa panga hadi chini ya udongo, na machipukizi kukatwa tena na tena. Kazi hiyo imefanywa na watu wachache wanaojulikana, nami nikiwa miongoni mwao, wakati wengine wakijadili uchungu wa miti barabarani. Kati ya mikuyu na miringaringa 120 iliyopandwa mahali pale, 83 imeshika, na mingine imefikia kiuno cha mtu mzima.

Kiangazi kilichopita hakukuwa na foleni chemchemini. Wapo wanaosema sababu ni masika mazuri tu. Masika mazuri tuliwahi kuyapata miaka ya nyuma pia, na foleni ilikuwepo.

Suala la mahudhurio nimeshaligusa, lakini lazima niseme wazi kwamba hali inakatisha tamaa. Kwenye usafi wa mwisho wa mwezi wanafika watu 15 au 20, na nusu yao ni vijana wa shule ambao si wanachama. Ukifika wakati wa kupiga picha na mgeni rasmi, idadi inapanda ghafla. Ada nazo ni hivyo hivyo. Daftari lina wanachama 146, na ada ni Sh 12,000 kwa mwaka, ambayo ni Sh 1,000 tu kwa mwezi. Waliolipa yote ni 51, waliolipa nusu ni 23, na 72 hawajalipa chochote. Tulitarajia Sh 1,752,000, tukapata Sh 750,000. Kwa maana hiyo, miti iliyokatwa imekichangia chama kuliko wanachama wake, na naomba jambo hilo lifikiriwe na wale wanaotaka hesabu za mirunda zikaguliwe. Zikaguliwe, milango ipo wazi, na hesabu za ada zikaguliwe siku hiyo hiyo, jina kwa jina.

Kwa mwaka ujao, Kamati inakusudia kuendelea kutunza eneo la chemchemi na, hali ikiruhusu, kupanua kitalu. Tunatumaini pia kupata mfadhili wa kujenga kidaka maji kidogo cha saruji. Ningependa, kivuli cha mikuyu kitakapokolea, tujaribu kuotesha kando ya mawe yale ua la Usambara, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo lilichukuliwa kutoka milima yetu na kupelekwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na sasa linapamba madirisha ya watu duniani kote huku hapa mjini halionekani. Suala la kurudisha mapipa yaliyoibwa litategemea ada. Wenye madeni wamwone Mweka Hazina kabla ya kikao cha uchaguzi, kwa kuwa katiba hairuhusu mwenye deni kupiga kura wala kugombea.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti