Msininyamazie: barua kwa vijana wa mdahalo wa Jumamosi

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa kidato cha tano alisimama akauliza: mtendaji akimkamata mtu, akamshtaki yeye mwenyewe, na faini akaipanga yeye mwenyewe, mtu huyo akalalamike kwa nani? Nikajibu kwamba hayo wakubwa wameshayaangalia. Kijana mmoja akadakia, "Penye wazee haliharibiki neno!" Mkapiga makofi, binti akaketi.

Nilirudi nyumbani nimeinama. Mnawasoma wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18 ili mfaulu mtihani, nami, mwalimu mstaafu, niliwafundisha kinyume chao mbele ya macho yenu.

Sikilizeni kisa hiki. Toulouse, Ufaransa, Oktoba 1761. Usiku, baada ya chakula, kijana Marc-Antoine Calas alikutwa dukani kwa baba yake amekufa, ana alama ya kamba shingoni. Baba, Jean Calas, muuza vitambaa, alikuwa Mprotestanti katika mji wa Wakatoliki. Watu walijaa mlangoni, sauti moja ikasema baba kamuua mwanawe asibadili dini, na uvumi ule ukageuka ushahidi. Aliyeona hakuwapo. Tarehe 10 Machi 1762 mzee yule, aliyeteswa asikiri lolote, alivunjwa mifupa hadharani, akauawa.

Habari zikamfikia Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa. Mwanzoni hakujua amwamini nani, basi akaanza kuuliza. Mzee wa zaidi ya miaka 60 amnyongeje peke yake kijana wa miaka 28 mwenye nguvu? Kama alisaidiwa, basi mama, ndugu, mgeni aliyekuja kula na mtumishi wa nyumba wote ni wauaji. Mbona aliyeuawa kwa kosa hilo ni baba tu? Na mtumishi yule alikuwa Mkatoliki, tena ndiye aliyemsaidia mtoto mwingine wa nyumba hiyo kuingia Ukatoliki. Aje kumuua huyu kwa jambo lilelile?

Hapo hamna neno gumu hata moja. Bibi zenu wangeyauliza hayo barazani. Voltaire aliyaandika, akayachapisha, akawasumbua wakubwa kwa barua, na Machi 1765 majaji wa Paris wakamsafisha Calas. Alikuwa ameshakufa miaka 3.

Mwaka 1764, kijana wa Milan, Italia, Cesare Beccaria, umri wake miaka 26 tu, aliandika kwamba mateso hayapimi ukweli: mwizi mwenye misuli huvumilia akaachiwa, dhaifu asiye na kosa hukiri akafungwa. Miaka 22 baadaye Toscana, dola mojawapo la Italia, ikafuta adhabu ya kifo.

Sasa, swali la binti yetu. Mfaransa Montesquieu, aliyewahi kuwa hakimu katika mji wa Bordeaux, aliliuliza mwaka 1748: anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wakiwa mkono mmoja, raia akimbilie wapi? Jibu lake ni kuyatenga mamlaka hayo. Fungueni Katiba ya Tanzania, Ibara ya 4, mtaukuta mgawanyo huo umeandikwa kwa Kiswahili. Binti hakuuliza utovu wa adabu. Aliuliza jambo la Katiba, nami nikamziba mdomo.

Lakini msiwapigie magoti Wazungu hao. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyewatangulia, aliyeandika kwamba binadamu huzaliwa huru, alikuwa na hisa katika kampuni ya Waingereza iliyouza watumwa wa Afrika. Voltaire mwenyewe aliwaandika watu weusi kwa dharau. Mwaka 1776, wakati Wamarekani wakitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, Mfaransa Morice alitia saini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa pwani hii, wa damu yetu. Mizani waliyoichonga wao haikuwapima wao vya kutosha, basi wapimeni ninyi, na mkimaliza nipimeni mimi.

Jumamosi hii nitaketi benchi la nyuma, na Katiba nitaiweka mezani. Kijana aliyetoa methali nampenda kwa heshima yake, ila atwambie Toulouse ilikuwa na wazee wangapi. Binti aanzie pale nilipomkatisha. Nikisema neno, niulizeni nimelitoa wapi, na nisipokuwa na jibu msikae.

Babu yenu, mwalimu mstaafu